Kunguni wa Kitanda Chetu: Programu Huria na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Katika makongamano ya vyama vyetu vya Kiswahili, mjadala wa istilahi za teknolojia haukosi kuzuka. Wapo wanaoshikilia kuwa chombo kile kiitwe tarakilishi, wapo wanaopendelea ngamizi, na wapo waonao kuwa kompyuta latosha kwa kuwa ndilo neno litumiwalo na watu wengi. Mjadala huo una manufaa yake, na mimi mwenyewe nimewahi kuushiriki kwa hamasa. Hata hivyo, kuna swali jingine ambalo ni nadra kusikika ukumbini: chombo hicho, kwa jina lolote lile, kikishindwa kutusomea Kiswahili, ni nani atakayekitengeneza? Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo yatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Aidha, sehemu tunayoikwepa zaidi, yaani kurekebisha hitilafu za ujenzi wa programu huria ili zikubali kufanya kazi katika mitambo ya aina mbalimbali, ndiyo inayotuhitaji zaidi.

Orodha ya majina mtaani Rhonda

Naomba nianze kwa kisa kilichonifunza. Katika mtaa wa Rhonda, upande wa magharibi wa Nakuru, aliishi jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa katibu wa chama cha akiba cha mtaani. Macho yake yalipofifia hata asiweze kuona tena, alirudisha daftari kwa wenzake. Hakuna aliyemfukuza, ni yeye aliyesema kuwa katibu asiyeweza kujisomea kumbukumbu zake ni katibu wa jina tu. Lililomuuma zaidi ni kwamba hata ujumbe wa pesa uingiao katika rununu yake ilimbidi amwite mjukuu amsomee, naye mjukuu akajua kila shilingi iliyoingia na iliyotoka.

Tulimpatia kipakatalishi cha mtumba, tukakitia mfumo wa Linux pamoja na eSpeak NG, programu huria isomayo maandishi kwa sauti. Programu hiyo husoma lugha na lafudhi zaidi ya 100, na Kiswahili kimo miongoni mwazo. Sauti yake ni kavu na haina uchangamfu wa mwanadamu, lakini husikika waziwazi, na programu yenyewe ni ndogo kiasi cha kutosha katika mtambo duni. Mzee aliipenda, na jambo la kwanza aliloomba ni kusomewa orodha ya wanachama wa chama chake.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Rhonda ni mtaa wa makabila mengi, na orodha ilikuwa na akina Muthoni, Chepkoech, Kipng'eno, Otieno na Wafula. Kanuni za matamshi ya Kiswahili haziwezi kuyakisia majina yote hayo. Mathalani, th ya Kiswahili ni ile ya thelathini, ilhali th ya Muthoni kwa Wakikuyu hutamkwa kama dh ya dhahabu. Jina Chepkoech lina konsonanti mbili zinazofuatana katikati na linaishia kwa konsonanti, ilhali silabi ya Kiswahili aghalabu huwa wazi na mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hata jina la mtaa wenyewe, Rhonda, linaanza kwa mfuatano wa herufi usiokuwemo katika othografia yetu. "Mwanangu," mzee aliniambia, "huyu aliyetajwa simjui, na huenda nimeketi naye chamani miaka tisa."

Jambo hilo si dogo. Mwezi Januari 2008, Rhonda ulikuwa miongoni mwa mitaa ya Nakuru iliyokumbwa na machafuko ya baada ya uchaguzi, wakati ambapo jina la mtu lilitosha kumfanya awindwe. Mahali palipopitia hayo, kulitamka jina la jirani sawasawa ni sehemu ya kuishi pamoja.

Ajabu ni kwamba tiba ya kiisimu ilikuwa rahisi. Katika eSpeak NG, kanuni za matamshi za kila lugha huhifadhiwa katika faili za maandishi ya kawaida. Kwa upande wa Kiswahili, faili iitwayo sw_rules hubeba kanuni za jumla, na ile iitwayo sw_list hubeba maneno yasiyofuata kanuni hizo. Mwanafunzi yeyote aliyesoma fonolojia kwa makini anaweza kuzisoma faili hizo, akazielewa na kuziongezea. Matamshi ya majina yote ya chama niliyaandika jioni moja. Kuyafikisha masikioni mwa mzee kulinichukua majuma mawili.

Herufi isiyoonekana

Ni vyema nieleze majuma hayo mawili yalikwenda wapi. Programu iliyoandikwa kwa lugha iliyo karibu na mtambo, kama vile C, haitumiki vile ilivyoandikwa. Sharti ijengwe kwanza. Programu nyingine iitwayo kompaila huusoma msimbo wake na kuugeuza kuwa amri zinazoeleweka na prosesa, kisha vipande vilivyopatikana huunganishwa pamoja na maktaba za mfumo husika. Amri za prosesa za Intel hazieleweki na prosesa za ARM zilizomo katika rununu nyingi, na maktaba za Windows si maktaba za Linux. Kwa sababu hiyo, msimbo mmoja hujengwa upya kwa kila aina ya mtambo, na kila mahali una nafasi ya kukwama kwa namna yake.

Sisi tulilazimika kuijenga programu nzima kwa kuwa toleo lililokuwemo katika kipakatalishi lilikuwa la zamani kuliko faili za kanuni tulizozipata. Tuliupakua msimbo katika saiba yenye mitambo ya Windows, tukaubeba kwa flashi hadi nyumbani, tukaamuru ujenzi uanze. Mtambo ulijibu, kwa Kiingereza, kwamba /bin/sh haipo. Wanaoijua Linux watashangaa, maana hiyo ni programu ya msingi ambayo bila hiyo mfumo wenyewe haungekuwa umewaka. Kwa siku nne tuliitafuta programu ambayo ilikuwa mahali pake siku zote.

Kosa lilikuwa letu, na chanzo chake kilikuwa alama mbili ndogo mwishoni mwa ujumbe ule, ambazo tulizipuuza. Katika enzi za taipureta, kumaliza mstari kulihitaji vitendo viwili: kurudisha kibebeo cha karatasi mwanzo wa mstari, na kuisogeza karatasi juu. Windows imerithi desturi hiyo, hivyo kila mstari katika faili zake huishia kwa herufi mbili zisizoonekana. Linux, kwa kufuata mapokeo ya Unix, hutumia moja tu. Zana tuliyopakulia msimbo pale saiba ilikuwa imeongeza herufi ya pili katika kila mstari, kama ilivyo kawaida yake katika Windows. Linux ilipoisoma hati ya ujenzi, iliichukua herufi hiyo ya ziada kuwa sehemu ya jina, ikaitafuta programu iitwayo /bin/sh pamoja na kitu kisichoonekana, na ikasema kweli kwamba haipo. Tiba ilikuwa amri ya mstari mmoja.

Tulipovuka hapo tulikwama kwingine. Nilikuwa nimelitaja jina la faili yangu kwa herufi kubwa mahali pamoja na kwa herufi ndogo mahali pengine. Windows kwa kawaida huyachukulia majina hayo kuwa ya faili moja, ilhali Linux huyachukulia kuwa ya faili mbili tofauti. Kisha tukapungukiwa na zana za ujenzi, na kila zana tuliyoileta ilidai nyingine. Hakuna hata hitilafu moja kati ya hizo iliyohitaji kipaji cha pekee. Zilihitaji usomaji makini wa ujumbe, subira, na mazoea ya kuuliza: je, alama hii ina maana ileile kwa kila anayeisoma? Swali hilo sisi tunalifahamu tangu muhula wa kwanza wa isimu.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo yaeleza vyema kwa nini kazi hii haiwezi kuachiwa watu wa mbali, hata wawe na nia njema kiasi gani.

Itazame historia ya programu yenyewe. Jonathan Duddington aliianza kwa ajili ya tarakilishi za Acorn za Uingereza mwaka wa 1995, na mwaka wa 2006 akaitoa kama programu huria ya Linux kwa jina la eSpeak. Kuanzia mwishoni mwa 2015, Reece Dunn na wenzake waliiendeleza kwa jina la eSpeak NG. Katika safari hiyo imevuka mifumo mingi, na kila kivuko kilikuwa na kunguni wake. Kwa mfano, prosesa hutofautiana katika mpangilio wa baiti za namba: nyingine hutanguliza baiti ndogo, nyingine kubwa, mithili ya watu wawili ambao mmoja huandika tarehe kwa kuanza na siku na mwenziwe kwa kuanza na mwaka. Data za sauti zilizotayarishwa katika mtambo wa Intel hazikusomeka katika tarakilishi za zamani za Apple zilizotumia prosesa za PowerPC, na eSpeak ilibidi iwe na programu ndogo ya kuzigeuza. Sheria za fonolojia zilikuwa zilezile; mpangilio wa baiti peke yake ndio uliotenganisha sauti na ububu.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Katika lugha ya C, herufi moja huhifadhiwa kama namba ndogo. Kwa desturi, kompaila katika Linux ya prosesa za Intel huichukulia namba hiyo kuwa inaweza kuwa hasi, ilhali katika Linux ya prosesa za ARM huichukulia kuwa haiwezi. Herufi za Kiswahili zote zina namba zilizo chini ya 128, kwa hiyo tofauti hiyo haizigusi. Lakini ĩ na ũ za Kikuyu, katika usimbaji wa UTF-8 unaotumika kote, kila moja huchukua baiti mbili, na kila baiti ina namba inayozidi 127. Katika mtambo mmoja baiti hizo zitaonekana kuwa hasi na katika mwingine chanya, na mwandishi wa programu asiyeliangalia hilo atashangaa kwa nini programu yake ni nzima mezani na mbovu mkononi. Anayeandika Kiingereza kitupu huenda asikutane na hitilafu hiyo kamwe. Katibu wa chama cha akiba cha Nakuru, mwenye kumwandika Gĩthĩnji kwa usahihi, ndiye atakayekutana nayo.

Isitoshe, mitambo yetu mingi ni ya mtumba. Vipakatalishi vya biti 32 ambavyo kwingineko vimekwisha kutupwa bado vinafanya kazi katika vibanda na nyumba zetu, ilhali ulimwengu unaviacha. Toleo la Ubuntu la 19.10, lililotoka mwaka wa 2019, lilikuwa la mwanzo kutojengewa prosesa hizo kwa ukamilifu. Debian nayo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la mitambo mikongwe, iliacha kutoa kisakinishi cha prosesa za Intel za biti 32 katika toleo lake la 13 la Agosti 2025. Siwalaumu waliofanya uamuzi huo, kwa kuwa kila mtambo unaotunzwa huhitaji mtu wa kuutunza, na mtu asiye nao hawezi kuujaribia. Swali ni kwetu sisi tulio nao: je, tumewahi kuwaeleza kinachovunjika?

Hoja za wapinzani

Najua wapo watakaosema kuwa kazi hiyo ni ya idara za sayansi ya tarakilishi, na kwamba sisi tutafsiri menyu na vitufe tu. Jibu langu liko katika historia yetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shirika la IT+46 la Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili. Hilo lilikuwa tendo kubwa ambalo vyama vyetu havina budi kuliheshimu. Lakini tafsiri hiyo iliambatana na toleo la 1.1.3, na mwezi Oktoba 2005 likatoka toleo la 2.0 lenye mabadiliko mengi. Tafsiri ya programu si kama tafsiri ya riwaya, ambayo ikishapigwa chapa imekamilika. Kila toleo jipya likija, maneno yaliyoongezwa hutafsiriwa, na kifurushi kizima hujengwa tena kwa kila mfumo. Palipo na watafsiri bila wajenzi, Kiswahili hubaki katika toleo la jana.

Wengine watasema kuwa ujumbe wa hitilafu uko kwa Kiingereza na hautaacha kuwa hivyo. Hoja hiyo haina mashiko. Mradi wa GNU una zana za kutafsiria ujumbe wa programu tangu miaka ya 1990. Kompaila ya GCC, ambayo ndiyo ijengayo sehemu kubwa ya Linux, ina tafsiri za Kifini, Kivietinamu na Kiindonesia. Katika orodha ya lugha zake niliyoisoma, Kiswahili sikukiona. Kifini kina wasemaji wachache mno kikilinganishwa na Kiswahili, hivyo idadi ya wasemaji haiwezi kuwa ndiyo sababu.

Kuna pia wanaodhani kuwa ujenzi ni kazi ya chini isiyostahili fikra za msomi. Hao nawakumbusha yaliyotokea mwaka wa 2024. Programu ya xz, inayotumiwa kubana faili katika karibu kila mfumo wa Linux, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja aliyekuwa amechoka. Mtu mwingine, aliyejiita Jia Tan, alijitokeza kumsaidia, akajenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akatia mlango wa siri wa kuingilia mitambo ya watu. Sehemu ya kuuwasha mlango huo aliificha ndani ya hati za ujenzi, mahali ambapo wachache husoma. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kuona mtambo wake ukikawia takriban nusu sekunde wakati wa kuingia, na tarehe 29 Machi 2024 akaueleza ulimwengu. Mwizi alichagua hati za ujenzi kwa kuwa alijua kuwa wengi wanazidharau.

Mapendekezo

Kwanza, kila chama cha Kiswahili chuoni kianzishe kikundi kidogo cha ujenzi, kwa ushirikiano na wenzetu wa sayansi ya tarakilishi. Kikundi hicho hakihitaji maabara ya kifahari. Kipakatalishi kimoja kikuukuu, kimoja kipya, na rununu moja vyatosha kuanzia, kwa sababu tofauti baina ya mitambo hiyo ndiyo tunayotaka kuichunguza.

Pili, tuweke daftari la hitilafu kwa Kiswahili sanifu. Kila hitilafu iandikwe mfumo ilikotokea, aina ya prosesa, ujumbe uliotolewa, chanzo chake na tiba yake. Daftari kama hilo lingetuokolea zile siku nne za kuitafuta /bin/sh, na lingempa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mahali pa kuanzia.

Tatu, istilahi za kazi hii tuzichukue kwanza kwa mafundi kabla ya kuzibuni mezani. Fundi wa redio au wa rununu mtaani Rhonda tayari ana maneno ya kuunga, kupima, kufungua na kutia kiraka. Kiraka chafaa kabisa kutaja rekebisho dogo la msimbo, na kila msemaji wa Kiswahili hulielewa bila kufafanuliwa.

Nne, na hili nalisema kwa majuto, tuyarudishe marekebisho yetu kwa wenye programu. Baada ya majuma yale mawili, mzee alisomewa orodha yake, akaagiza irudiwe, akacheka jina lake mwenyewe liliposomwa. Mwezi uliofuata alilichukua tena daftari la chama. Mimi niliridhika nikayaacha marekebisho katika kipakatalishi kile kimoja. Siku mfumo ulipojisasisha, toleo jipya liliyafuta yote, na mzee akaamka asubuhi akasikia tena majina ya watu asiowajua. Kama ningewapelekea watunzaji wa eSpeak NG rekebisho lile pamoja na maelezo, huenda majina yanayofahamika nchini kote yangeingizwa katika toleo lao, na yangerudi kwa mzee pamoja na sasisho lenyewe. Yangewafikia pia wasioona wanaotumia NVDA katika Windows, kisoma-skrini cha bure ambacho huja na eSpeak NG ndani yake.

Niliyaandika majina hayo upya, na safari hii nilihifadhi nakala. Barua ya kuwapelekea wenye programu bado ninaiandaa, na wanachama wenzangu wanaojua matamshi ya Kikalenjin, Kijaluo na Kiluhya kuliko mimi nawaomba waje tuisahihishe pamoja kabla haijatumwa.